Aliyeitikia Kutoka Shamba la Pamba

Kama unatafuta hadithi ya kupitishia muda, weka hii pembeni. Hili lilinikuta mimi mwenyewe, hapa Bariadi, jua likiwa ndiyo kwanza limezama, mbele ya wasichana ambao hadi leo tukikutana sokoni tunasalimiana kisha kila mmoja anaangalia chini. Na mimi si mtu wa kutishwa ovyo. Nimezaliwa Bukundi kwa wafugaji, nikaondoka nyumbani nikiwa na nguo za kubadilisha tu. Dar nilikuwa nauza chapati na supu asubuhi, jioni naingia darasani, mpaka nikaipata diploma yangu ya ustawi wa jamii bila mkono wa mjomba wala shangazi. Niliporudi Simiyu nilipanda basi la kufika mchana, ili watu wanione nikishuka. Kwa hiyo nikikuambia niliona, jua kwamba niliona.

Kazi niliyopata ni umatroni wa hosteli ya wasichana wa chuo, pembeni ya mji, pale nyumba zinapoishia na mashamba ya pamba yanapoanza. Niliwakuta wanaishi kama abiria wanaosubiri basi. Mlango wa nyuma umezibwa kwa masanduku, ufunguo wake hakuna anayeujua. Nikabadilisha yote. Viatu vikae chini ya kitanda, vidole vikitazama mlangoni. Tochi ya betri iwe chini ya mto, maana simu huishiwa chaji siku unayoihitaji. Dawa na kitambulisho viwe kwenye mkoba mmoja, karibu na mkono. Nikipuliza filimbi, wote wanakimbilia kwenye matenki ya maji, naita majina, kila mmoja anaitika. Waliniita Madam Filimbi. Sikukasirika. Nani mwingine mjini hapa alikuwa amewaandaa wanafunzi namna ile?

Shida ilikuwa kwenye kuitika. Wengi wao wanatoka vijijini, na Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Huko wamelelewa kwamba giza likianza kuingia, mtu asiyeonekana akikuita kwa jina, usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Subiri ya tatu. Hata mimi bibi yangu alinilea hivyo. Lakini moto utasubiri ya tatu? Jioni moja kwenye mazoezi niliwauliza mbona wamenyamaza kama magunia. Kabula, msichana mwembamba mwenye ulimi mwepesi, akanijibu, "Madam, wale wengine, wasio watu, hawana subira. Mara mbili tu wamechoka."

Walicheka, na mimi nikacheka. Nikawaambia hapa chuoni tunaitika mara moja. Wakazoea. Na bado nasema utaratibu ule ulikuwa mzuri.

Kabula alikaa chumba kimoja na Minza, binti kutoka Sola kule Maswa. Minza alikuwa na sauti ya kwaya, nzito na laini, akiimba huku anafua jirani anapunguza redio yake. Huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Shika hilo.

Siku ile Minza alikuwa na malaria. Alikunywa dawa, akajifunika, akalala. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Chumba cha jirani mtu alikuwa ameacha hita ya kuchemshia maji ndani ya ndoo, swichi imewashwa, naye katoka. Umeme uliporudi, hita ikachemsha maji mpaka ndoo ikakauka. Plastiki ikayeyuka, godoro likashika, na moshi mweusi ukaanza kutambaa darini.

Nilikata umeme kwenye swichi kuu, nikapuliza filimbi. Niamini, ungejivunia wale mabinti. Viatu miguuni, tochi mkononi, hakuna aliyerudi kufuata begi. Kwenye matenki nikaanza kuita majina. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana, nyuso sikuziona, nilisikia sauti tu. Kila niliyemwita aliitika. Nikaita, "Minza."

"Nipo, Madam."

Sauti yake kabisa. Nikashusha pumzi. Nikasema wote wametoka, vitu vingine vitanunuliwa. Majirani walikuwa wameshaanza kumwaga mchanga na maji.

Kabula akanishika mkono. Alikuwa anafua bombani filimbi ilipolia, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye matenki. Akasema hajamwona Minza, na sauti ile haikutoka tulipo sisi. Nikamwambia ametulia tu kwa sababu ya homa. Akasema, "Hapana Madam, imetokea pambani."

Nikaita tena, nimegeukia shambani. "Minza!"

"Nipo, Madam."

Nikamulika tochi. Pamba ilifika kiunoni, na katikati yake alisimama msichana aliyejifunga kanga ya njano ya Minza, ametupa mgongo. Alikuwa ametuitikia bila kugeuka. Upepo ulikuwa unalaza pamba yote upande mmoja, lakini ile kanga haikutikisika. Kuna msichana nyuma yangu alianza kusali.

Kabula akaninong'oneza, "Mwite ya tatu. Wasio watu hawavuki mbili."

Unadhani niliwaza nini, mimi niliyesoma? Sikuwaza. Nikaita ya tatu, na safari hii sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Yule wa pambani hakuitika. Aligeuza kichwa taratibu, si kwetu. Aligeukia dirisha la chumba cha Minza, akaliinamia kwa mbali kama mtu anayetega sikio. Ndipo na sisi tukasikia, kutoka ndani ya moshi, mtu anakohoa.

Nilijua kila kitu cha kufanya. Loweka nguo, funika pua, tambaa, shika ukuta. Nimekifundisha mara ngapi? Miguu ilikataa. Nilipandisha filimbi mdomoni niwaite wale majirani, pumzi haikutoka. Nilisimama pale na diploma yangu kama kigingi cha kufungia ng'ombe, nikimwangalia Kabula akichovya kanga kwenye ndoo, akaingia kwa magoti. Nilitamani hata nilie. Na kilio kilikataa. Sijawahi kukaa mahali ninapohitajika kiasi kile nikawa si kitu kiasi kile.

Alimvuta Minza nje kwa makwapa. Miguu yangu ikaachiliwa ghafla, nikaanguka. Nilipomulika tena shambani, palikuwa na pamba tu.

Minza alipona. Lakini sauti haikurudi, hata ya kunong'ona. Daktari alisema moshi umemuunguza koo, na mimi sibishani na daktari. Ila alipopata nguvu alichukua simu ya Kabula akaniandikia. Aliandika: "Nilikusikia unaniita, Madam. Nikafungua mdomo niitike, nikasikia sauti yangu inaitika kule nje. Nikasema basi, nimeshatoka. Nikalala."

Hebu niambie, moshi unafanya hivyo?

Aliacha chuo, akarudi Sola kwa mama yake. Nilikwenda kuwaona baada ya mavuno. Tulikaa uani, Minza pembeni yangu anapukuchua mahindi, jua linazama. Mama yake akasimama mlangoni, akaita jina la binti ambaye tulikuwa tunamwona. "Minza!"

"Nipo, mayu."

Ilitoka nyuma ya zizi. Ng'ombe walinyanyua vichwa. Minza hakunyanyua chake, aliendelea na mahindi, machozi yanadondokea kwenye ungo. Mama akaita tena, ikajibu tena, tamu ile ile. Akaishia mbili. Nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo, haogopi? Akaniambia anaogopa sana. Miezi ya kwanza ilikuwa inajibu kutoka mbali, ng'ambo ya korongo, sasa iko zizini. "Lakini ndiyo sauti ya mwanangu," akasema. "Nitaisikia wapi tena? Ya tatu siiti, maana nikiita inanyamaza."

Nilimpa mkono Minza, nikaondoka kabla giza halijakaza, na sikugeuka.

Ninyi mnaokaa hosteli, wekeni viatu, tochi na dawa karibu, jueni njia ya pili ya kutokea, na mgonjwa asiachwe peke yake chumbani. Haya yote ni kweli na yataokoa wengi. Lakini siku ya hatari, mkishafika mahali pa kukutania, msihesabiane kwa kuitana. Sauti si mtu. Mshike mwenzako mkono, uusikie joto lake, ndipo useme yupo.