Fremu Iliyonipendeza

Tangu wazazi wetu wafe, cherehani yangu ndiyo inayowalisha wadogo zangu hapa kambini Nakivale. Macho yalipofifia, daktari aliyapima, akanipa karatasi, akanituma mjini Mbarara nikachague miwani.

"Mama, uso wako ni wa mviringo," muuzaji alisema. "Chukua fremu yenye pembe." Nilijaribu kumi na mbili, nikarudi na iliyonipendeza, nikijivuna.

Kesho yake, mbele ya mteja, uzi ulikosa tundu la sindano mara tano. Nikalaumu uzi. Mdogo wangu akaikuta karatasi mkobani.

"Yaya, dada yangu, hii ya vipimo haukubaonyesha watu wa dukani? Hizi lenzi ni za kuonyeshea fremu tu, hazina nguvu."

"Si ilikuwa ya kuthibitisha nimepimwa?"

Mteja alikunja kitambaa chake, akakibeba.

"Lakini imekupendeza," akaniambia.