Nguzo za Gati la Mzee Oswini

Niliondoka Kilwa kwa sababu ya simu moja. Mke wangu Agnesi alikuwa kwao Lundo, kando ya Ziwa Nyasa. "Gati la baba linatikisika," alisema. "Kijiji kinataka kuling'oa. Njoo kabla hawajaligusa." Gati hilo mkwe wangu, Mzee Oswini, alilijenga kwa mikono yake, na ndiyo fahari yake hapa duniani. Mimi ni fundi wa vyombo. Kwetu pwani nguzo ikitikisika huulizi: mdudu wa baharini keshaitoboa ndani, imebaki kama sega la nyuki. Nikafungasha patasi, debe la dawa ya mbao, na maneno ya kumpa pole mzee.

Mbinga nilipokelewa na baridi ya kung'ata. Sikutaka kufika ukweni mikono mitupu, nikanunua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, za rangi ya kijani. Muuzaji, Mmatengo mcheshi, aliposikia ninakoelekea akacheka. "Wasalimie Wanyasa. Waambie dagaa wao, hao usipa wanaotuletea siku hizi, ni mchanga mtupu."

Kutoka hapo lori liliteremka kona baada ya kona, mara ziwa likatokea chini yetu. Nimezaliwa kando ya bahari, lakini nililikodolea macho kama mtoto. Nilipofika Lundo niliteka maji kwa kiganja nikayaonja. Maji yote yale, na hayana chumvi! Agnesi akanitazama. "Kumbe miaka yote ulidhani nakudanganya."

Asubuhi nilimkuta mzee gatini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kulizika?"

Ilibidi nizame nizipapase nguzo, lakini mtu havui shati mbele ya mkwe, nikaingia na nguo zangu zote. Watu ufukweni wakasema mkwe anabatizwa upya.

Nguzo ya kwanza niliipapasa hadi mchangani. Hakuna tundu. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nikazigonga kwa patasi, ngumu kama zimekatwa jana. Maisha yangu yote sijawahi kushika mbao ambayo maji yameihifadhi. Uozo ulikuwa juu tu, pale wimbi linapolowesha na jua likakausha. Hapo patasi ilizama kama kwenye muhogo uliooza.

"Baba, miguu ni mizima," nikamwambia. "Nguzo zinaoza kiunoni tu."

"Hakuna mdudu?"

"Huyo hana kwao hapa, anataka maji ya chumvi."

Mzee akakaa chini, akajifuta macho bila kuficha.

Tulizikata nguzo chini kidogo ya uso wa maji, tukaziunga na zile za Mbinga. Mzee alihofia samaki, kwa hiyo dawa ya debe tuliipaka mbali na ziwa, kwenye ncha tulizokata za nguzo mpya, tukaziacha zikauke kabisa kabla ya kuziingiza majini. Mwenyekiti wa kijiji alipita juu ya gati, akarukaruka, akaenda zake. Habari ya kung'oa ikaishia hapo.

Sasa niko nyumbani. Nilichojifunza ni kwamba mbao haina adui mmoja kila mahali. Kwanza uliza maji yake. Mzee alinipa kipande cha nguzo kilichokuwa chini ya maji, na mafundi wenzangu wanakigeuzageuza wakitafuta tundu. "Hiki hakijawahi kukaa majini," wanasema. Nilipompigia mzee kumweleza, alicheka mpaka akakohoa.

"Waambie waje," akasema. "Nyingine bado zimesimama."