Nilivyouvaa mkondo wa Mji wa Kale na mtungi wa dadangu kiunoni

Wakuu, salaam. Sina picha wala video, lakini shahidi wa haya yupo mtaa wa Kuze na hajui kunibembeleza.

Niliambiwa sitatoka mtaani. Nikatoka.

Nikaambiwa Doha nitafagia tu. Nikafagia mwaka mmoja, kisha nikawa mwokoaji kwenye bwawa la hoteli, na diploma ya uokoaji nikajilipia mwenyewe. Baada ya miaka tisa nimerudi, nimepanga fleti Ganjoni, nafundisha watu wazima kuogelea baharini.

Ila darasa hili lilikaribia kufa kabla halijazaliwa.

Watu saba walitaka kujiandikisha. Sharti lao: nivuke kwanza kutoka Mji wa Kale hadi ng'ambo, upande wa Nyali. Nikishindwa, hawaji.

Nikawaambia Jumapili, saa mbili asubuhi. Saa hiyo niliichagua kwa sababu nakuwa nimeshakunywa chai. Basi.

Dada yangu mkubwa, Zuhura, akaja ufukweni na mtungi mtupu wa plastiki, wa lita tano, na kamba.

"Athumani, mwezi umeuhesabu?"

"Dada, mimi nina diploma."

"Sikukuuliza diploma. Jana mwezi ulikuwa kumi na nne. Leo bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu, yatoka kwa nguvu. Ngoja siku saba."

"Watu washafika."

"Basi jifunge huu. Ukikuaibisha, sema ni wangu."

Nilijifunga ili anyamaze. Mmoja wa wale saba akauliza kama naenda kuteka maji.

Mwanzo nilikwenda kama samaki. Kisha nikainua kichwa, nikaona nyumba niliyoilenga ng'ambo imehama. Haikuhama. Ni mimi niliyekuwa nikibebwa kuelekea bahari kuu.

Hapo nikafanya kosa la mtu wa bwawani: nikapigana na maji. Bwawani ukiongeza nguvu unafika. Pale niliongeza nguvu na bado nikazidi kwenda nisikotaka, mpaka mikono ikawa mizito na chumvi ikanijaa puani.

Wakuu, nilitoa shahada, nikijua nakufa.

Ndipo nikaukumbuka mtungi. Nikauvuta kifuani, nikaulalia, nikapumua. Akili ikarudi: usishindane, kata mshazari. Nikapiga miguu polepole kurudi upande wa kisiwa huku mkondo ukinichukua.

Nikatokea chini ya Ngome ya Yesu, natambaa mchangani. Mtembeza wageni mmoja akaniita kutoka juu, "Bwana, tikiti hukatwa langoni."

Sijawahi kufurahia kejeli namna ile.

Zuhura akafika na wale saba nyuma yake. Nikawaambia kweli: sikuvuka, na bila mtungi huu msingenikuta. Nilidhani darasa limekwisha.

Yule wa kuteka maji akasema, "Sasa umefundishwa. Tufundishe." Wakajiandikisha watano.

Baada ya siku saba, maji mafu, mkondo umelegea, nikavuka na nikafika. Hilo nalo liandikwe.

Nilichojifunza: cheti cha bwawa ni cha bwawa. Baharini uhesabu mwezi kwanza, na ubebe kitu kinachoelea hata wakucheke. Nyinyi mnaoogelea Tudor na Likoni, bamvua mnaingia au mnangoja? Nisahihisheni hapo chini, siku hizi nasikiliza.

Mtungi niliurudisha Jumapili ile ya kwanza. Zuhura akafungua kizibo, akanusa.

"Una chumvi. Usuuze."

Nikausuuza mara tatu.