Bata, Kanga, Siku ya Ishirini na Tano

Shangazi Zena anatotolesha mayai uani kwetu Ilala, kwenye sanduku la mbao lenye balbu na sufuria ya maji. Vifaranga vyake vinauzwa Kariakoo. Akimulika yai kwa tochi anakuonyesha moyo ukidunda, mdogo kama punje ya mtama.

Daktari Gaudens wa chuo alimkuta akimulika. Maabara kwao wanachunguza jinsi kiumbe kinavyojijenga ndani ya yai. Kwa kuku walishaweza, ila njia ileile wakiipeleka kwa bata, vifaranga vilikaukia ndani siku za mwisho. Shangazi akamwambia bata siyo kuku. Daktari akaahidi: awafundishe, na bata wakitoka, atamwombea kazi pale maabara. Shangazi ana miaka hamsini na mbili, hajawahi kuajiriwa. Alienda Mchikichini kununua viatu kabisa.

Siku ya kufundisha alisema harakaharaka, kama anavyosema siku zote: bata, kanga, siku ya ishirini na tano. Yaani mayai ya bata yakifika siku hiyo, yafunikwe kanga iliyolowa, ganda lisikauke. Daktari alikuwa uani, kanga yenyewe aliiona kwa macho yake. Akaandika hivyohivyo alivyosikia, karatasi akampa mwanafunzi wake, Samson, asimamie.

Samson hakuwahi kufika kwetu. Alichoelewa ni kwamba bata na ndege kanga wote wanaacha kugeuziwa mayai siku ya ishirini na tano. Akaacha kugeuza. Nguo hakuweka. Bata arobaini wakafia ndani, wamegandana na utando.

Shangazi akaitwa chuoni, akaulizwa mbele ya watu njia yake imeshindwa wapi.

"Kanga ninayojifunga," akasema. "Siyo kanga anayetaga."

Wakacheka. Mmoja akasema kumbe mama anatotolesha kwa doti. Daktari hakucheka, aliangalia simu yake. Alijua. Ila kusema anajua ni kusema aliandika vibaya. Ripoti ikaandikwa kwamba njia za kienyeji hazihamishiki kutoka ndege mmoja kwenda mwingine, na habari ya kazi ikaishia hapo.

Mwezi wa nane Samson akaja uani na shikamoo zake. Akaeleza kwamba bata sasa wanatoka vizuri, wanatumia kitambaa chenye unyevu. Kazi ya maabara kapewa yeye. Shida iliyobaki ni mayai ya kanga, huyo ndege: ganda gumu, ukimulika huoni kitu.

"Andika kwanza nani kakufundisha," shangazi akamwambia.

Samson akaandika, akageuza daftari tuone. *Mama wa mayai, Ilala.*

"Nina jina, baba."

Akasema atalirekebisha akifika ofisini. Shangazi akainuka, akamfungulia mlango wa ua, akamwambia karibu siku nyingine. La ganda hakumwambia.