Daftari la Wifi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alipiga chapa kwa wakili mmoja miaka ishirini na sita. Siku ya kwanza kazini aliambiwa, "Wewe piga, usisome." Thubutu! Alisoma kila kitu. Kila alipokutana na neno la kile Kiingereza cha kale, ambacho hata wenyewe wameacha kukizungumza, alilinakili kwenye daftari, akaenda kumuuliza hakimu mstaafu aliyekuwa jirani yetu. Maana yake akaiandika pembeni kwa Kiswahili. Wenzake wakambandika jina la Profesa, wakacheka weee.

Mume wangu alipofariki, shemeji, mdogo wao wa mwisho, alinijia na maneno matamu. Alitaka nimwachie uwanja wa nyuma tu, ajenge stoo. Nikasema haya, ndugu ni ndugu. Tukaenda kwa wakili huyo huyo.

Tulikaa kwenye benchi huku wifi akipiga karatasi zetu. Katikati mashine ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Wakili akaniwekea kurasa nne za Kiingereza mezani. Nikauliza mbona siuoni uwanja.

"Maneno ya mazoea tu hayo, mama. Weka sahihi hapa."

Nilikuwa nimeshashika kalamu wifi aliposimama. Hakupaza sauti.

"Wifi, usisaini. Ukurasa wa pili kuna neno 'messuage'. Hiyo ni nyumba unayolala, jiko lake, choo chake na kiwanja chote."

Wakili akamwambia ashike adabu, yeye kaajiriwa vidole.

"Na macho nilikuja nayo, mzee."

Shemeji alikuwa amemtumbulia macho. "Wewe ni dada yangu au nani?"

"Ni dada yako. Ndiyo maana nasema mbele yako, sikusengenyi."

Hasira zilinipanda. Kuta zile nimezipaka chokaa mwenyewe miaka kumi na tisa! Nikamrudishia wakili kalamu yake, nikamwambia akitaka sahihi yangu aandike kwa lugha ninayogombezea wanangu.

Wifi alifukuzwa kazi kabla ya saa sita. Alitoka na daftari lake kwapani, hakuaga mtu. Mdogo wake hajamsalimu mpaka leo, naye wifi wala hajamkimbilia kumbembeleza.

Kwenye uwanja ule wa nyuma nimejenga kibanda cha mabati. Wifi anapiga chapa humo, na mlangoni kaandika kwa rangi nyekundu: HAPA TUNASOMA KWANZA.