Mstari Nilioukata kwenye Wasifu wa Mume Wangu

Binti yangu Gladness ndiye aliyeandika wasifu wa baba yake, wa kusomwa msibani kwetu Boko. Mstari mmoja ulisema: "Mhandisi Revelian aliandika na kutafsiri hadithi za kubuni za kisayansi." Niliukata kwa kalamu nyekundu. Nimefundisha sekondari miaka thelathini; kalamu yangu haijazoea kubishiwa.

Wakwe wangekuwepo, na mchungaji, na wahandisi wenzake. Sikutaka wasikie kwamba mtu mwenye shahada mbili aliandika habari za viumbe wa sayari nyingine nyuma ya michoro ya pampu za maji.

Wasifu ulipokwisha kusomwa, mwanamume mmoja alisimama nyuma kabisa chini ya turubai, bahasha ya kaki mkononi. Nilimjua. Jabiri, fundi bomba wa Tandale. Kila tafsiri mume wangu alimsomea yeye kwanza. Jabiri akicheka pasipochekesha, sentensi inafutwa.

"Samahani wafiwa. Mbona hadithi zake hamkuzitaja?"

Watu waligeuka. Nilijibu mwenyewe: "Baba, unamchanganya na mtu mwingine."

Jeneza lilikuwa hatua tatu kutoka nilipoketi. Jabiri aliketi taratibu, akaificha bahasha ndani ya shati.

Baada ya arobaini, Gladness alikusanya karatasi za baba yake azipeleke kwa mchapaji. Sura ya mwisho ya hadithi aliyoiacha haikuwepo. Nilijua iliko. Mume wangu alimpelekea Jabiri wiki ile aliyougua.

Nilimkuta Jabiri kibarazani Tandale na mafundi wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimefuata karatasi za mume wangu."

"Mume wako yupi? Mie si nilimchanganya?"

"Mwonee huruma, Jabiri," mwenzake alicheka. "Mama wa watu kaja na viatu vya kanisani."

Nilisimama kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ya majibu.

"Hukumchanganya," nilisema. "Alikuwa mwandishi. Nilimkana mbele ya jeneza lake."

"Hawa wa huku hawajasikia, mama."

Nikasema tena, kwa sauti.

Alileta bahasha, lakini hakunipa. Alianza kuwasomea wenzake, kwa kuwa sura hiyo ilikuwa haijapimwa kwa kicheko chao. Ukurasa wa pili walicheka, mahali ambapo mtoto anaiaga dunia yake. Jabiri akaacha kusoma, akanitazama.

Nilifungua mkoba. Kalamu ilikuwa ile ile.

"Nikate?" nilimwuliza.

"Kata, mama. Ila jina lake usiliguse."