Rihani ya Koko, Lavenda ya Madamu

Nikisikia harufu ya lavenda, hata ya sabuni tu ya dukani, vidole vyangu hujikunja vyenyewe. Mniwie radhi, wenzangu. Ninyi mnanusa ua. Mimi naona uani kwetu Mahajanga, na shimo palipokuwa na mrihani wa Koko.

Koko ni bibi yangu, mzaa mama; sisi watu wa asili ya Ngazija ndivyo tunavyoita. Yeye ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama alikuwa kisiwani Nosy Be akimfulia nguo madamu mmoja wa Kifaransa. Uhuru ulipokuja, madamu akafungasha virago, na baada ya miaka yote ile ya kufua na kupiga pasi akamwachia mama mche mmoja wa lavenda. Mmoja! Mama akaupakata mashuani mpaka bandari ya Ankify, na njia nzima mpaka nyumbani. Akatafuta penye jua. Penye jua palikuwa na mrihani.

"Mrihani uko kila ua," alisema. "Lavenda anayo nani?"

Akaniamuru mimi, mtoto wa miaka minane, niung'oe. Nikaung'oa. Koko, aliyekuwa kibarazani, akauliza tu, "Sasa mimi nitasindikizwa na nini?" Maana alikwisha kutuusia: siku yake ikifika, atiwe sandani rihani aliyoipanda kwa mkono wake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mgeni wetu alimng'oa mwenyeji. Kiangazi kile akachanua. Mama akakausha maua, akayashona katika vifuko viwili, akavifungia sandukuni mwake asiviguse mtu. Mche niliumwagilia mimi, asubuhi na jioni, kama tulivyoumwagilia mrihani. Mvua zikaongezea. Mizizi ikaoza, na lawama zote nikabebeshwa mimi! Kumbe madamu aliuweka wake chunguni, chini ya paa, akiunyima maji. Mama angejuaje? Hakuwahi kuutunza; yeye aliijua lavenda iliyokwisha kukauka, katikati ya shuka ndani ya makabati ya watu.

Mvua hizo hizo Koko akafariki. Jirani alileta konzi ya rihani. Mama akaisukuma kando. Akafungua sanduku, akapasua vifuko, akamimina lavenda juu ya sanda.

"Koko si shuka ya madamu!" nilipiga kelele.

Nikazabwa kofi mbele ya wanawake wote. Kofi lile nililitunza mpaka nikaota mvi.

Mama alipofariki nilimtilia rihani tele, kwa ukaidi. Baada ya matanga nikafungua sanduku lake. Shuka zake zilizokuwamo zilikuwa mpya, hazijatandikwa hata siku moja, na juu yake vile vifuko viwili, vitupu, vimekunjwa vizuri. Hakuwa amejibakizia hata ua moja. Kitu pekee alichowahi kujiwekea mwenyewe, chote alimpa mama yake.

Na mimi, mwenye hasira zangu, sikuwahi kupanda tena mrihani uani mwetu. Ile niliyomzikia mama niliinunua asubuhi ile ile, kwa mwanamke aliyetoka kijiji cha Belobaka.